Coco Chanel

Gabrielle Bonheur Chanel, anayejulikana zaidi kwa jina la Coco Chanel (Saumur, 19 Agosti 1883 – Paris, 10 Januari 1971), alikuwa mbunifu wa mavazi na mfanyabiashara kutoka nchini Ufaransa. Alianzisha nyumba ya mitindo ya Chanel na manukato ya Chanel No. 5.

Katika historia ya ushonaji anakumbukwa hasa kwa kutumia jezi, yaani kitambaa kinachovutika kilichofumwa kwa vitanzi kama sweta, kushonea mavazi ya nje ya wanawake. Kabla yake kitambaa hicho kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume na mavazi ya kazi na michezo. Mavazi yake yaliwawezesha wanawake kutembea, kuendesha gari na kufanya kazi bila kubanwa. Hata hivyo, maisha yake yana upande mwingine unaoendelea kujadiliwa, hasa jinsi alivyowatendea mafundi wake na ushirikiano wake na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Maisha ya awali

Gabrielle alizaliwa katika hospitali ya maskini iliyoendeshwa na watawa mjini Saumur, magharibi mwa Ufaransa. Mama yake, Jeanne Devolle, alikuwa dobi. Baba yake, Albert Chanel, alikuwa machinga aliyezunguka kutoka mnada hadi mnada akiuza nguo za kazi na nguo za ndani. Wazazi hao walifunga ndoa mwaka 1884, mwaka mmoja baada ya binti yao kuzaliwa. Karani aliyeandika cheti cha kuzaliwa alikosea jina la ukoo akaandika Chasnel, na kosa hilo lilibaki katika kumbukumbu.

Familia iliishi kwa shida, mara nyingi katika chumba kimoja cha kupanga. Mwezi wa Februari 1895 mama alifariki, Gabrielle akiwa na umri wa miaka 11. Baba aliwapeleka wavulana wake kufanya kazi mashambani, na mabinti watatu, Julia, Gabrielle na Antoinette, akawaacha katika kituo cha watoto yatima cha watawa kwenye abasia ya Aubazine, katikati ya Ufaransa. Hakurudi kuwachukua.

Maisha ya Aubazine yalikuwa ya kazi, sala na nidhamu kali, na huko ndiko Gabrielle alikojifunza kushona. Waandishi kadhaa wa maisha yake wanaona kwamba upendo wake kwa rangi nyeupe na nyeusi na kwa mitindo isiyo na mapambo mengi ulianzia katika mavazi ya watawa na kuta tupu za abasia hiyo. Yeye mwenyewe hakupenda kuzungumzia mahali hapo. Alipokuwa mtu maarufu alisimulia kwamba alilelewa na shangazi zake na kwamba baba yake alikwenda Marekani kutafuta maisha. Masimulizi hayo yalibadilika mara kwa mara. Ukweli wa utoto wake ulifahamika vizuri kutokana na uchunguzi wa waandishi, si kutoka kwake.

Moulins na jina la Coco

Alipofikisha miaka 18 alihamia mji wa Moulins, akaishi katika bweni la Kikatoliki la wasichana. Baadaye alipata kazi ya kushona katika duka la nguo pamoja na Adrienne, shangazi yake aliyekuwa karibu rika lake. Moulins ulikuwa mji wenye kambi ya askari wapanda farasi, na kazi mojawapo ya mafundi wa mji huo ilikuwa kurekebisha nguo za maofisa.

Jioni Gabrielle aliimba katika ukumbi wa mkahawa uliotembelewa na askari hao. Jina la Coco kwa kawaida huelezwa kuwa lilitokana na nyimbo mbili alizopenda kuimba huko, zote zikiwa na neno hilo. Sauti yake haikutosha kumfanya mwimbaji, lakini jina halikumwacha tena.

Kati ya maofisa aliofahamiana nao alikuwa Étienne Balsan, tajiri mfugaji wa farasi wa mashindano. Gabrielle aliishi kwa muda katika jumba la Balsan huko Royallieu, karibu na Compiègne. Huko alijifunza kupanda farasi na akaanza kuvaa nguo zilizoigwa kutoka kwa wanaume: suruali ya kupandia farasi, shati lenye kola na tai. Alijitengenezea pia kofia za kawaida zisizo na manyoya wala matunda ya bandia yaliyokuwa mtindo wa siku hizo. Wanawake waliofika Royallieu walizipenda na kumwomba awatengenezee.

Duka la kofia

Mwaka 1910 Chanel alifungua duka la kofia kwenye namba 21 ya barabara ya Cambon mjini Paris. Fedha za kuanzia zilitoka kwa Arthur Capel, Mwingereza aliyejulikana kwa jina la utani la Boy, mfanyabiashara na mchezaji wa polo. Capel alikuwa mpenzi wake mkubwa wa maisha. Hawakuoana, mwaka 1918 Capel alimwoa mwanamke kutoka familia ya kikabaila ya Uingereza, na tarehe 22 Desemba 1919 alifariki katika ajali ya gari.

Mwaka 1913 Chanel alifungua duka la pili huko Deauville, mji wa pwani ya kaskazini ambako matajiri wa Paris walikwenda kupumzika. Hapo ndipo alipoanza kuuza nguo na si kofia pekee. Ufukweni aliona mavazi ya mabaharia na wavuvi, sweta na blauzi zisizobana, akayageuza kuwa mavazi ya wanawake wa tabaka la juu.

Jezi na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Wakati Chanel anaanza kazi, wanawake wengi wa Ulaya wenye uwezo bado walivaa koseti, yaani vazi gumu la ndani linalokaza kiuno na kifua kwa kamba na vipande vyembamba vya chuma au mifupa ya nyangumi. Gauni lilishonwa juu ya umbo hilo la bandia. Mbunifu Paul Poiret alikuwa amekwisha kuanza kubuni magauni yasiyohitaji koseti tangu miaka ya 1900, kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Chanel peke yake aliiondoa. Mchango wake ulikuwa kutoa vazi la kila siku la kuchukua nafasi yake.

Vita vilipoanza mwaka 1914, wanawake wengi matajiri walikimbilia Deauville. Baadhi walijitolea kuwauguza majeruhi, na wengine walilazimika kufanya kazi ambazo zamani zilifanywa na watumishi au na waume zao. Walihitaji nguo nyepesi ambazo mtu anaweza kuzivaa bila msaada. Mwaka 1915 Chanel alifungua nyumba ya mitindo huko Biarritz, karibu na mpaka wa Hispania. Kwa kuwa Hispania haikuwa katika vita, wateja wenye fedha walitoka huko pia. Biashara ilistawi kiasi kwamba aliweza kumrudishia Capel fedha zake.

Vitambaa vizuri vilikuwa adimu kutokana na vita. Mtengenezaji wa nguo Rodier alikuwa na akiba ya jezi iliyofumwa kwa mashine, iliyokusudiwa nguo za ndani za wanaume, ambayo haikupata wanunuzi. Mwaka 1916 Chanel aliichukua akiba hiyo, kisha akaagiza nyingine. Kwa jezi hiyo ya rangi za maziwa ya kahawia, kijivu na buluu nyeusi alishona sketi zilizoacha vifundo vya miguu wazi, blauzi za kuvaa kwa kupitisha kichwani, na makoti marefu yasiyobana yenye mkanda wa kulegea.

Chanel hakuwa wa kwanza kuvaa wala kuuza jezi. Kitambaa kilipata jina kutoka kisiwa cha Jersey, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ufaransa, ambacho watu wake walijulikana tangu zamani kwa kufuma mavazi ya sufu. Katika karne ya 19 mwigizaji Lillie Langtry, mzaliwa wa kisiwa hicho, alijulikana nchini Uingereza kwa mavazi ya jezi. Jambo jipya kwa Chanel lilikuwa kukifanya kitambaa cha bei nafuu kuwa msingi wa nyumba ya mitindo ya hali ya juu, kwa bei ya hali ya juu. Wateja walilipa fedha nyingi kwa kitambaa cha aina ambayo baba yake angeweza kuiuza mnadani.

Sifa za jezi na ushonaji wake

Ili kuelewa kwa nini mafundi wengi waliikwepa jezi, ni vizuri kujua tofauti yake na vitambaa vya kawaida. Khanga au kitenge hufumwa kwa nyuzi za aina mbili zinazopishana, moja kwa urefu na nyingine kwa upana. Ukikivuta kitambaa hicho kufuata uzi hakiongezeki. Jezi hutengenezwa kwa uzi unaopinda na kufanya vitanzi, kila kitanzi kikipita ndani ya kingine. Ukiivuta, vitanzi hubadili umbo na kitambaa hurefuka, hasa kwa upana. Fulana ni mfano unaojulikana na kila mtu.

Sifa hiyo inayompa mvaaji raha ndiyo inayompa fundi shida. Kingo za jezi hujikunja zinapokatwa. Kitambaa huvutika chini ya mkono wa mshonaji na mshono ukatoka na mawimbi. Kitanzi kimoja kikikatwa na ncha ya sindano, tundu huongezeka kama ngazi. Tena, mshono wa kawaida wa cherehani, ambao nyuzi mbili hufungana katikati ya kitambaa kwa mstari ulionyooka, hauvutiki: vazi likivutwa, kitambaa huenda na uzi hukatika.

Katika miaka ya 1910 uzi wa elastini, unaofanya nguo za kisasa zirudi katika umbo lake, haukuwepo. Ulivumbuliwa Marekani mwaka 1958. Jezi ya Rodier ilivutika, lakini haikurudi vizuri ilipovutwa sana. Kuishona kwa kuubana mwili kungeifanya ilegee kwenye viwiko, magoti na makalio. Vivyo hivyo haikustahimili mikato mingi na mapambo mazito. Vazi lisilobana, lenye mishono michache na mistari rahisi, lililingana na tabia ya kitambaa chenyewe. Urahisi wa mtindo wa Chanel, pamoja na kuwa uamuzi wa ladha, ulikuwa pia njia ya kufanya kazi na kitambaa kigumu kushonwa.

Kanuni hizo bado zinamhusu mtu anayeshona jezi nyumbani. Sindano inayofaa ni yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma vitanzi kando badala ya kuvichoma. Cherehani yenye mshono wa zigizaga hupangwa kwenye zigizaga nyembamba, kwa sababu uzi uliolala kwa kupinda huwa na nafasi ya kunyooka kitambaa kinapovutwa. Kwenye cherehani ya kukanyaga au ya mkono inayoshona mstari ulionyooka tu, mshonaji hulegeza kidogo mkazo wa uzi, hutumia uzi wa poliesta badala ya pamba, na hukivuta kitambaa kidogo sana mbele na nyuma ya sindano kwa nguvu zilizo sawa. Zaidi ya hapo kitambaa huachwa kiende chenyewe. Mgandamizo wa mguu wa cherehani hupunguzwa pale inapowezekana. Mshono wa begani huwekewa utepe usiovutika ili bega lisishuke kwa uzito wa vazi, na ni busara kulitundika vazi usiku kucha kabla ya kukunja pindo, ili lirefuke kadiri litakavyorefuka. Mafundi wenye mashine ya ovaloki huunganisha na kufunga kingo kwa wakati mmoja.

Paris baada ya vita

Mwaka 1918 Chanel alihamishia nyumba yake ya mitindo kwenye namba 31 ya barabara ya Cambon, ambapo ipo hadi leo. Katika miaka ya 1920 alifahamiana na wasanii wakubwa wa Paris, wakiwemo Pablo Picasso, Igor Stravinsky na Jean Cocteau. Alibuni mavazi ya Le Train Bleu, onyesho la kundi la dansi la Ballets Russes lililofunguliwa Paris tarehe 20 Juni 1924. Wachezaji walivaa nguo za kuogelea za sufu iliyofumwa, zinazofanana na zile zilizovaliwa ufukweni.

Mwaka 1926 toleo la Marekani la gazeti la Vogue lilichapisha mchoro wa gauni lake fupi jeusi lisilo na mapambo, na kulilinganisha na gari la Ford kwa kuwa lingeweza kuvaliwa na watu wengi. Kabla ya hapo rangi nyeusi ilihusishwa zaidi na msiba na mavazi ya watumishi. Katika muongo huo alikuwa na uhusiano na Duke wa Westminster, mmoja wa watu matajiri zaidi wa Uingereza, na kupitia safari zake huko alianza kutumia twidi, kitambaa kizito cha sufu cha Uskoti, katika mavazi ya wanawake.

Chanel hakuwa mchoraji wa mitindo. Alifanya kazi kwa mkasi na pini, akiweka kitambaa moja kwa moja juu ya mwili wa mwanamitindo aliyesimama kwa saa nyingi. Alirarua mikono ya koti na kuipachika upya mara kadhaa hadi mvaaji alipoweza kuinua mkono bila koti zima kupanda juu.

Manukato

Mwaka 1921 alianza kuuza manukato ya Chanel No. 5, yaliyotengenezwa na mtaalamu Ernest Beaux. Ili yauzwe kwa wingi, mwaka 1924 iliundwa kampuni ya Parfums Chanel. Ndugu wawili, Pierre na Paul Wertheimer, walipata asilimia 70 ya hisa, Théophile Bader aliyewakutanisha akapata asilimia 20, na Chanel akapata asilimia 10. Manukato hayo yalileta faida kubwa kuliko nguo, na Chanel aliona kwamba alidhulumiwa. Mgogoro huo wa kisheria uliendelea kwa zaidi ya miaka 20.

Wafanyakazi na mgomo wa 1936

Kufikia katikati ya miaka ya 1930 nyumba ya Chanel inakadiriwa kuwa na wafanyakazi wapatao 4,000, wengi wao wakiwa wanawake mafundi. Chanel alijulikana kwa ukali wa usimamizi, na mishahara ililalamikiwa.

Mwezi wa Juni 1936, baada ya uchaguzi uliokipa ushindi chama cha muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, migomo ilienea Ufaransa nzima. Mafundi wa barabara ya Cambon waligoma pia, na Chanel alipofika walimzuia asiingie katika jengo lake mwenyewe. Makubaliano ya kitaifa ya mwezi huo yaliwapatia wafanyakazi wa Ufaransa nyongeza ya mishahara na haki ya vyama, na sheria zilizofuata zikaweka wiki ya kazi ya saa 40 na likizo ya wiki mbili yenye malipo. Chanel alikataa madai ya mafundi mwanzoni, lakini alilazimika kukubali ili nguo za msimu uliofuata zikamilike.

Mwaka 1939, Ufaransa ilipoingia vitani, alifunga karakana zake na kuwaachisha kazi karibu wafanyakazi wote, akabakiza duka la manukato na mapambo. Alieleza kwamba wakati wa vita haukuwa wakati wa mitindo. Wapo waliouona uamuzi huo kama kisasi kwa mgomo wa miaka mitatu nyuma. Kwa vyovyote, maelfu ya wanawake walipoteza riziki mwanzoni mwa vita.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Wakati Ujerumani ilipoikalia Paris kuanzia mwaka 1940, Chanel aliishi katika hoteli ya Ritz, ambayo sehemu yake ilitumiwa na maofisa wa Kijerumani. Alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Hans Günther von Dincklage, Mjerumani aliyefanya kazi ya ujasusi. Mpwa wake André Palasse, aliyemlea baada ya dada yake Julia kufariki, alikuwa ametekwa na Wajerumani, na Chanel alitumia uhusiano wake nao ili aachiliwe.

Mwaka 1941 alijaribu kutumia sheria za Kinazi za kuwanyang'anya Wayahudi mali zao ili aichukue Parfums Chanel kutoka kwa akina Wertheimer, waliokuwa Wayahudi na waliokuwa wamekimbilia New York. Jaribio lilishindwa kwa sababu ndugu hao walikuwa wametangulia kuikabidhi kampuni kwa Mfaransa asiye Myahudi, Félix Amiot, aliyewarudishia baada ya vita.

Hati zilizofunguliwa miongo kadhaa baadaye zinaonyesha kwamba Chanel aliandikishwa na shirika la ujasusi la jeshi la Ujerumani kwa namba F-7124 na jina la siri Westminster. Katika majira ya baridi ya 1943 na 1944 alihusika katika mpango wa kupeleka ujumbe wa mazungumzo ya amani kwa Winston Churchill, aliyemfahamu, kupitia ubalozi wa Uingereza mjini Madrid. Mpango huo haukufanikiwa.

Paris ilipokombolewa mwaka 1944 Chanel alikamatwa, akahojiwa, na kuachiliwa baada ya muda mfupi. Wanawake wengi wa kawaida waliotuhumiwa kuwa na wapenzi wa Kijerumani walinyolewa vichwa hadharani. Yeye alihamia Uswisi. Mwaka 1949 aliitwa mahakamani Paris kuhusu kesi ya mtu aliyeshirikiana na Wajerumani, akakana tuhuma zilizomhusu. Hakushtakiwa. Mwaka 1947 alikuwa amekwisha kupatana na akina Wertheimer kwa masharti yaliyompa sehemu ya mauzo ya manukato duniani kote na kumfanya kuwa tajiri sana.

Kurudi mwaka 1954

Tarehe 5 Februari 1954, akiwa na umri wa miaka 70, Chanel alionyesha mavazi mapya Paris kwa mara ya kwanza baada ya miaka 15. Pierre Wertheimer, mpinzani wake wa zamani, ndiye aliyelipia gharama. Wakati huo mtindo uliotawala ulikuwa wa Christian Dior, uliorudisha kiuno kilichobanwa na sketi pana zenye kitambaa kingi. Chanel aliona kwamba wanaume wabunifu walikuwa wanawarudisha wanawake katika kifungo cha zamani.

Magazeti ya Ufaransa yaliyapokea mavazi yake vibaya, yakiyaona ya kizamani. Nchini Marekani mambo yalikuwa tofauti. Vogue ya Machi 1954 ilionyesha suti yake ya jezi ya rangi ya buluu nyeusi, na wanunuzi wa Marekani waliagiza kwa wingi. Ndani ya misimu michache suti ya Chanel ilienea na kuigwa na watengenezaji wa bei zote.

Koti la suti hiyo lilikuwa na ushonaji wa pekee. Kitambaa kilishonwa pamoja na bitana ya hariri kwa mistari mingi ili koti liwe laini bila kupoteza umbo. Mnyororo mwembamba uliwekwa ndani ya pindo ili koti lining'inie sawasawa, na mifuko ilikuwa ya kutumika kweli, si ya pambo. Februari 1955 alitoa mkoba wenye mnyororo wa kuvaa begani, ulioitwa 2.55 kutokana na tarehe hiyo, ili mwanamke abaki na mikono miwili huru.

Kifo

Chanel hakuolewa wala hakupata mtoto. Katika miaka yake ya mwisho aliishi peke yake katika hoteli ya Ritz na kutembea kila siku hadi kazini, upande wa pili wa barabara. Alifariki hotelini humo Jumapili tarehe 10 Januari 1971, akiwa na umri wa miaka 87, wakati alipokuwa akiandaa mavazi ya msimu mpya. Mavazi hayo yalionyeshwa baada ya kifo chake. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa la Madeleine mjini Paris, na alizikwa Lausanne, Uswisi.

Urithi

Nyumba ya Chanel iko mikononi mwa familia ya Wertheimer. Kuanzia mwaka 1983 hadi kifo chake mwaka 2019 ilibuniwa na Karl Lagerfeld. Gazeti la Time lilimweka Chanel katika orodha yake ya watu 100 muhimu zaidi wa karne ya 20. Blauzi yake ya jezi ya hariri ya mwaka 1916 ni miongoni mwa mavazi yake ya zamani zaidi yaliyohifadhiwa.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu jinsi ya kumpima. Wapo wanaomwona kama mkombozi wa mwanamke katika mavazi, na wapo wanaosisitiza kwamba uhuru aliouuza haukuwafikia mafundi walioushona, na kwamba mwenendo wake wakati wa vita hauwezi kuwekwa kando. Hati zinazozidi kufunguliwa zimeufanya upande huo wa pili ujulikane zaidi kuliko ilivyokuwa alipofariki.

Matumizi ya jezi hayakuishia kwenye mitindo ya Paris. Leo kitambaa cha vitanzi hushonewa fulana, nguo za watoto, magauni, hijabu na sare za michezo duniani kote. Katika Kiswahili jina la kisiwa kile limebaki katika neno jezi, ambalo kwa wasemaji wengi humaanisha kwanza kabisa fulana ya mchezaji wa mpira.